Beki Aliyebaki Nyuma

Nilipohamia Dodoma kikazi sikumjua mtu. Timu moja ya mtaani Kizota ikanipanga beki wa kati, kwa sababu ya urefu wangu tu.

Katika mechi ya kwanza beki mwenzangu alipaza sauti, “Panda!” Mabeki wote wakasogea mbele kwa pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao, aotee. Mimi nilikuwa nimeduwaa nikitazama mpira, nikabaki nyuma peke yangu. Kwa kuwa mimi nilikuwa bado nyuma, mshambuliaji hakuwa ameotea; akanipita, akafunga.

Hakuna aliyenigombeza. Mechi ilipoisha walikaa pamoja wakitaniana kwa Kigogo, lugha nisiyoijua, nami nikavua viatu kando ya goli. Afadhali wangenifokea.

Beki mwenzangu akapita na baiskeli. “Kaka, usitazame mpira tu. Nitazame na mimi.”

Nikaitikia. Siku hiyo hakuna mwingine aliyenisemesha.