Majibu ya Mwaka wa Kwanza

Tangu alfajiri Mama Pasi hakuwa na pa kutua. Alikaa, akasimama, akapangusa meza iliyokuwa tayari inang'aa, akaenda dirishani, akarudi. Saa nne binti wa dodoso angefika, na nyumba ilikuwa bado imejaa ushahidi.

Kalenda ya kikundi cha kushona, Jumatano zote zimezungushiwa kalamu nyekundu: chini ya godoro. Picha aliyopigwa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, siku alipofanywa msimamizi wa wapiga pasi, yeye katikati ya wenzake, meno yote nje: chini ya godoro. Gazeti la lugha ya hapa, fumbo la maneno limejazwa zaidi ya nusu, nalo likafuata. Mtu angemwona angedhani anaficha bidhaa za magendo. Kumbe mama wa watu alikuwa anaficha maisha yake.

Kila mwaka, tangu yeye na wenzake walipotolewa kambini wakaletwa kuishi hapa, ofisi ya utafiti ilimtuma mtu kuwauliza maswali yale yale. Una kazi? Unaijua lugha? Nani anakutembelea? Walieleza kwamba wanapima tu jinsi wageni wanavyozoea. Majina hayaandikwi, faili la mtu haliguswi. Mama Pasi alitikisa kichwa kukubali, na hakuamini hata neno moja.

Nani angemlaumu? Kambini alihojiwa mara saba. Seremala wa hema la jirani alisema mara ya kwanza kwamba walikimbia asubuhi, mara ya pili akasema jioni. Faili lake likafungwa, na mpaka leo yuko kule kule. Tangu siku hiyo Mama Pasi alishika jambo moja: jibu la kwanza ndilo jibu lako, maneno yasipishane. Kwa hiyo mwaka wa kwanza, binti alipofunga mlango tu, alichukua daftari akaandika kila alichojibu. Wakati huo kweli hakuwa na kazi, wala lugha, wala mtu. Mwaka wa pili akayakariri na kuyatema vilevile. Huu ulikuwa wa tatu.

Na safari hii kulikuwa na cha kupoteza. Mama yake mzazi alibaki kambini, peke yake, macho yanazidi kufifia, na maombi ya kumleta yalikuwa mezani kwa wakubwa. Neno moja likipishana, watasema binti yake ni mwongo, na bibi wa watu ataachwa huko huko mpaka asione hata mlango.

Binti alifika kwa wakati, akavua viatu, akaketi. Alikuwa mtoto wa kwao, aliyeletwa angali mdogo.

"Tuongee lugha gani mwaka huu, mama? Ya hapa?"

"Ya kwetu, mwanangu. Ya hapa imenishinda."

"Haya. Kazi?"

"Bado natafuta."

Binti alitazama nyuma ya mlango, ambako sare ya kiwanda ilikuwa inaning'inia. Mama Pasi naye akaiona. Alitamani sakafu immeze.

"Marafiki wa hapa?"

"Sina," akasema, akakohoa kidogo.

Binti akaweka kalamu chini. "Mama, mwaka jana ulinijibu hivi hivi, neno kwa neno. Hata kukohoa, ulikohoa hapa hapa. Karatasi hizi haziendi kwenye faili la mtu yeyote."

"Najua," alisema Mama Pasi, ambaye hakujua. Alikuwa ameshaanza kukunja na kukunjua kitambaa cha meza. "Uliza linalofuata."

"Ukiugua ghafla, utamwita nani?"

"Hakuna."

Hapo ufunguo ukazunguka mlangoni. Akaingia jirani wa mlango unaotazamana na huu, mjane mwenye magoti mabovu, sufuria mkononi. Mwaka uliopita, miezi michache baada ya dodoso la pili, Mama Pasi alizidiwa na homa, na mjane huyu ndiye aliyemsikia akigumia nyuma ya mlango. Aliita gari la wagonjwa, akakaa naye hospitali siku nne kwenye kiti cha mbao. Tangu hapo akapewa ufunguo wake mwenyewe. Binti aliutazama ufunguo ule kwa muda.

"Una mgeni, mdogo wangu," mjane alisema kwa lugha ya hapa, akajiketisha mahali alipozoea. "Anakuuliza nini?"

Mama Pasi akajikuta anamtafsiria bila kukwama, kwa lugha ile ile iliyomshinda dakika chache zilizopita. "Anauliza nikiugua ghafla nitamwita nani."

Mjane akacheka. "Hilo nalo ni swali? Na wewe umemjibuje?"

Kumdanganya kulikuwa rahisi. Angesema nimekutaja wewe, na mjane asingejua, kwa kuwa karatasi ilijazwa kwa lugha asiyoisoma. Lakini mjane alikuwa anasugua magoti yake na kusubiri, hana wasiwasi wowote na jibu, na uso wake ulimshinda Mama Pasi kuutazama. Aliona haya, haya ya kweli. Akafikiria macho ya mama yake.

"Futa," akamwambia binti, kwa lugha ya hapa, ili wote wawili wasikie. "Andika huyu. Huyu mwenye sufuria."

Binti akafuta, akaandika. "Na kazi, mama?"

"Andika ninayo. Andika yote." Machozi yalikuwa yanamtoka, na mjane akainuka kwa shida kumfuata, bila kuelewa kilichomsibu. Mama Pasi aliukamata mkono wa binti juu ya karatasi. "Ila huko ofisini wakiuliza, waambie mwongo ni mimi. Mama yangu hajasema chochote."