Kofia ya Nyaya

Juzi, katika kliniki moja ya Diani, nilimkuta binti mkimbiaji, ametoka mashindanoni jana yake, akivikwa kofia yenye nyaya. Mhudumu, mgeni wa bara, alieleza kuwa umeme kidogo unaamsha ubongo ili uchovu uishe upesi.

Bibi ya binti aliubana mkoba kifuani. "Kaka yangu walimtia umeme kichwani, akarudi ametusahau sote."

"Shosho, huu ni mdogo sana, hausahaulishi," mhudumu akamwambia."

Kofia ilipovuliwa tu, bibi akamgeukia mjukuu. "Haya, nitajie mama zetu, kizazi kwa kizazi, kuanzia mamako."

Binti alitaja mmoja mmoja, bibi akikunja vidole. Kwenye cha tano mkono ukasimama. "Yallah! Umemruka Mwanakombo!"

"Sikumruka, bibi. Mwanakombo ni dadake huyo wa tano, naye hakuzaa. Si ulinifundisha wewe?"

Bibi alivitazama vidole vyake, kisha akacheka mpaka mkoba ukamponyoka. "Kweli, mwanangu. Basi nivikeni mimi."

Kama miguu ya binti ilipata nafuu, sijui. Niliyemwona akipata nafuu waziwazi hakuwa amekimbia hata hatua moja.