Masomo ya Hasira kwa Kaseti

Mume wangu hakuwahi kunipiga. Alichopiga ni vitu. Kiwanda cha pamba alikokuwa fundi kilipouzwa alipunguzwa kazi, akafungua mashine ya kusaga pale Buzuruga, na hasira zikaanza. Mteja akisema unga haukulainika, debe lake linarushwa nje. Nyumbani ugali ukichelewa, sahani inakwenda ukutani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo ndefu ilipoanza nilichukua watoto, nikapanda kivuko kwenda kwetu Sengerema, nikijua kwamba kabla shule hazijafunguliwa lazima niamue kama nitarudi kwake. Baba alimpelekea ujumbe: ajifunze kwanza kutawala hasira, ndipo aje kunichukua.

Alijifunza, kwa namna iliyokuwa mpya kwetu. Mshauri mmoja wa Dar es Salaam alikuwa akifundisha kwa kaseti zilizoletwa na mabasi. Upande wa kwanza kuna somo. Upande wa pili mtupu. Mwanafunzi anarekodi majibu yake humo na kuirudisha, naye mshauri anaongeza maoni yake mwishoni na kumtumia tena. Hawaonani kamwe. Somo kubwa lilikuwa hili: ukichokozwa, usijibu. Ondoka, kunywa maji, rudi moyo ukishatulia.

Mume wangu alikuja Sengerema na redio kaseti begani. Baada ya shikamoo alimsikilizisha baba kaseti moja, sauti yake mwenyewe ikijibu maswali kwa upole, na mshauri akimsifu. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Anaongea vizuri na redio," akasema. "Tule."

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyepakua. Kwetu shemeji ni mtani wako, na utani haungoji mgeni apumzike.

"Shemeji, leo wewe tumekupa sahani ya bati," akasema. "Ukiitupa itadunda tu, irudi mezani."

Watoto walicheka. Mume wangu alinyanyuka, akaenda kwenye mtungi, akanywa maji, akarudi kukaa. 

"Maji ni ya kushushia, shemeji. Mbona hujala?"

Akanyanyuka tena, akanywa.

Alikuwa anafuata somo sawasawa. Lakini mwalimu wa kwenye kaseti hakuwajua watu wa nyumbani kwetu. Hapa anayetaniwa hujibu. Anayenyamaza ameliweka moyoni. Mama aliacha kula. Baba aliponiita nje alisema, "Kaseti imemfundisha kununa."

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wazazi shuleni. Mtoto wa darasa la kwanza huanza kwa kushika penseli. Ukimwona ameishika vizuri lakini hajaandika kitu, usiseme hajui. Ameshika.

"Mimi sibishi," baba alisema. "Wewe ndiye utakayeishi naye."

Nilimjibu kwamba nitaangalia mpaka asubuhi.

Asubuhi mdogo wangu alileta viazi kwenye sahani ileile. Mume wangu alihamishia viazi kwenye kikapu, akaigeuza sahani, akaipapasa kwa kidole, taratibu, kama fundi anayekagua kifaa.

"Shemeji," akasema, "sahani yenu ina mabonyeo ya zamani. Nani alinitangulia kuitupa?"

 Baba akakohoa, akatazama mlangoni. Mama ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga, na mdogo wangu akamgeukia: "Mama, kumbe?"

Nilikwenda chumbani kukunja nguo za watoto na kuzitia begini.

Watu huniuliza kama masomo yale ya mbali yalisaidia. Yalisaidia. Yalimfundisha kunyanyuka na kwenda kwenye maji, jambo ambalo mimi nisingeweza kumfundisha kwa maneno. Kurudi kutoka kwenye maji na la kusema, hilo alijifunzia mezani, mbele ya watu. Hasira hazikuisha, ndiyo maana mtungi wetu pale Buzuruga ulikuwa unakauka haraka.

Ile sahani mama aliifunga kwenye mizigo yangu bila kuniuliza. Baba aliiona, akatazama mlangoni tena.