Bunduki za Baba

Juzi, sokoni Chikongola, nilimwona mgambo na rungu lake la mti, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, kijiji chetu kilikuwa karibu na mdomo wa Ruvuma, na ng'ambo kulikuwa na Wareno. Mgambo wetu walipewa kazi ya kuilinda pwani kabla silaha hazijafika, hivyo baba, mchonga vinyago, akawachongea bunduki za mkorosho za kufanyia kwata. Zilinukia mti mbichi, laini kama mwiko mpya. Niliamini hizo ndizo zinazowazuia Wareno kuvuka.

Alasiri moja lori likaleta za chuma. Nilizisogelea nikazinusa: zilinuka mafuta kama cherehani ya shangazi. Nikaona watu wazima wamedanganywa. Mgambo wakaondoka nazo wakiimba, wakaacha za baba zimerundikwa uani kwetu.

Mama akachukua mbili, baba mwenyewe akamletea shoka. Zikapasuliwa, zikachochewa chini ya sufuria ya kisamvu. Niliangua kilio.

"Mama! Wareno wakija leo tutapigana na nini?"

Mama akapuliza moto, akafuta machozi ya moshi.

"Wakija leo, mwanangu, watukute tumeshiba."