Maili Ambazo Hazel Hakuzitaja

Hapa kwetu Haltwhistle, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, mtu akitaka kununua gari la umeme haendi kwanza kwa muuza magari. Anampigia simu Clifford Dodd. Nakaa nyumba iliyopakana na yake, na miaka yote hii nimewaona watu wakiingia na karatasi mkononi na kutoka baada ya nusu saa, nyuso zimetulia kama waliotoka kwa daktari.

Clifford alikuwa dereva wa gari la maktaba kwa miaka ishirini na tisa. Alipeleka vitabu kwenye mashamba ya kondoo huko vilimani, mpaka halmashauri ilipoifunga huduma hiyo. Hakuoa. Alikaa na mama yake mpaka akamzika, kisha akakaa na nyumba.

Alipotimiza miaka sitini na nane alinunua gari la umeme, la kwanza mtaani kwetu, na akafungiwa chaja ukutani. Aliliendesha miezi kumi na moja. Asubuhi moja akaona nguzo ya taa imepinda katikati, kama mtu anayeinama kufunga viatu. Nguzo haikuwa na neno. Daktari akamwambia kitovu cha macho yote mawili kinakufa. Kingo zingebaki, katikati hapana. Leseni ikarudi ilikotoka, gari likauzwa, na Clifford akabaki na hesabu zake.

Hesabu hizo alikuwa amezifanya kwa ajili yake mwenyewe, lakini watu wakaanza kuziuliza. Aliandika kwa kalamu nene nyeusi nyuma ya mabaki ya karatasi za kupambia kuta, tarakimu kubwa kama kiganja: bei ya gari, bima, kodi ya barabara, matairi, maili ngapi kwa uniti moja ya umeme, majira ya joto na majira ya baridi. Tena alikuwa na kitu ambacho muuza magari hana. Alivijua vilima vyote. Angeweza kukwambia betri itapungua kiasi gani kutoka hapa mpaka Alston, na itarudishiwa kiasi gani ukiteremka, maana gari la umeme hujichaji mteremkoni.

Watu walimshukuru sana. Aliwakaribisha chai, wakasema siku nyingine. Walipokwishanunua gari walimpungia mkono wakiwa barabarani, na yeye hakuiona mikono yao.

Hazel Liddle alikuja kwake mwezi wa Septemba. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwenye miaka sitini na mitatu, mume aliondoka zamani bila kuaga. Gari lake la dizeli lilikuwa limeanguka kwenye ukaguzi wa mwaka, na fundi alimwambia asipoteze fedha juu ya maiti.

"Bwana Dodd, wanasema wewe ndiye unayejua."

"Wanasema mengi. Kaa, Bibi Liddle. Gari litalala wapi?"

"Barabarani. Nyumba yangu ni ya kwenye ule msururu wa kanisani. Ukifungua mlango umeshaingia njiani."

"Basi hapo ndipo penye shughuli. Chukua maili mia moja. Ukichaji nyumbani usiku, umeme ukiwa rahisi, ni pauni mbili na kitu. Petroli ni kumi na tano, kumi na sita. Ukichaji kwenye zile mashine za haraka za barabarani, pauni ishirini na moja."

"Ishirini na moja! Si bora nibaki na moshi wangu?"

"Ndiyo maana nikaanza kwa kuuliza litalala wapi." Akafikiri kidogo. "Chaja yangu ipo pale nje, haina kazi. Leta gari jioni, uje ulichukue asubuhi. Umeme utaulipa kama ulivyo kwenye bili yangu, sitaki hata peni moja juu yake."

"Kwa nini unifanyie hivyo?"

"Kwa sababu ipo."

Kisha akamuuliza swali lake kuu, ambalo alimuuliza kila mtu: safari ndefu kuliko zote, ile isiyoweza kuachwa, ni ipi?

Hazel aliuvuta mkoba wake magotini. "Hexham," akasema. "Na Carlisle mara moja moja."

"Hakuna nyingine?"

"Ingekuwepo ningekwambia."

Mtu mwenye macho angemwona anavyousokota mkanda wa mkoba wake. Clifford alisikia jibu tu, miji miwili ya jirani, na akalifanyia hesabu. Akamshauri achukue gari dogo, kuukuu, lenye betri ndogo: maili sabini na tano majira ya joto, hamsini na tano baridi ikikaza. Lingemgharimu chini ya nusu ya bei ya lenye betri kubwa. "Usilipie betri ambayo hutaitumia," alimwambia. Hazel akanunua jekundu.

Mwanzoni alikuwa akichomeka waya, anagonga dirisha kutoa taarifa, anakwenda zake. Oktoba mvua ilimfungia kwa Clifford mpaka saa mbili usiku, wakanywa chai. Baada ya hapo hakugonga tena dirisha, alikuwa akiingia. Alileta pai ya nyama iliyobaki shuleni, akamcheka kwa sababu jikoni kwake mlikuwa na sahani moja, uma mmoja na kisu kimoja.

"We Clifford, mgeni akija anakula kwa zamu?"

"Wageni wangu hawali. Wanauliza bei ya matairi."

"Basi mimi nakula. Kanunue sahani."

Akanunua nne. Nilikutana naye dukani akizipapasa moja moja kutafuta zisizo na ufa.

Ikafika Januari. Alhamisi moja, saa saba kasoro mchana, simu ya Clifford ililia.

"Clifford, ni mimi. Gari linasema limebakiwa na maili tisa."

"Uko wapi?"

"Nimeshapita Morpeth."

"Morpeth! Hazel, unafanya nini huko?"

"Nisaidie kwanza, utanigombeza baadaye. Huwa nachaji kwenye duka kubwa njiani. Leo mashine imekufa, skrini nyeusi. Nikasema nitafika tu."

Clifford alifumba macho. Gari la maktaba halikuwahi kufika kule, lakini ramani ya chaja zote za kaskazini alikuwa nayo kichwani. Aliisikiliza kila jioni simu ikimsomea, kama wengine wanavyosikiliza taarifa ya habari.

"Zima hita."

"Nitaganda!"

"Utaganda ukiwa unakwenda, ni afadhali kuliko kuganda umesimama. Mwendo?"

"Sitini."

"Shuka mpaka arobaini."

"Kuna lori nyuma yangu linanipigia honi."

"Mwache apige, honi yake haili betri yako. Maili sita mbele yako kushoto pana duka la maua na miche. Lina chaja mbili za polepole, nyuma, karibu na mifuko ya mboji. Usikate simu. Niambie unachokiona."

Akamwambia. Kibao, daraja, kilima kidogo ambacho Clifford alimsihi asikikimbilie. Maili nne, tatu. Gari likaanza kujipunguzia nguvu lenyewe. Hazel aliingia kwenye lile duka tarakimu za maili zimeshafutika, pamebaki vistari viwili.

"Nimechomeka," akasema. "Inasema masaa matatu." Kisha akaanza kulia. "Mlango wanafunga saa nane na nusu, Clifford. Hawamngojei mtu. Atakaa pale kwenye kiti ananingojea, halafu watamrudisha ndani."

"Nani?"

"Craig."

Mji mzima tulijua kwamba Craig, mwanawe wa pekee, alikuwa kwenye mitambo ya mafuta baharini. Hazel ndiye aliyetuambia. Kumbe alikuwa jela mwaka wa pili kwa kumpiga mtu chupa, na kila Alhamisi ya pili, siku yake ya mapumziko shuleni, mama yake alikwenda maili sitini na mbili kumwona, akarudi maili sitini na mbili.

Siku ile Hazel alirejea jioni, midomo ya buluu. Clifford alikuwa amewasha moto. Nilikwenda kuwapelekea supu kwa sababu alinigongea ukuta kuomba, lakini sikukaa. Mengine Hazel alinisimulia miezi mingi baadaye.

"Ungeniambia," Clifford alimwambia, "ningekuchagulia gari jingine. Nimekupa jibu sahihi la swali la uongo."

"Ningesemaje? Bwana Dodd, naomba gari la kwendea jela?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo."

"Ukawasimulie wanaokuja kuuliza bei ya matairi."

"Hazel, nimepeleka vitabu kwenye nyumba mia mbili kwa miaka ishirini na tisa. Najua nani alisoma nini, na kwa nini. Umewahi kusikia nimemsema mtu?"

Hazel akala supu.

Fedha za gari lenye betri kubwa zaidi hazikuwapo, kwa hiyo Clifford alikaa siku tatu na karatasi zake, akapanga njia upya: wapi pa kuchaji, dakika ngapi, na wapi pa kwenda chaja ya kwanza ikiwa mbovu. Alhamisi iliyofuata ya safari alikuwa amesimama nje saa mbili asubuhi, amevaa koti na tai.

"Unakwenda wapi?" Hazel akamuuliza.

"Gari hili linahitaji mtu wa kulijulia hali."

"Kipofu ndiye atakayelijulia hali?"

"Wewe una macho mawili na ulifikia vistari viwili. Fungua mlango."

Wakaenda pamoja tangu Februari mpaka Juni. Hazel akiwa ndani na mwanawe, Clifford alikaa kwenye chumba cha wageni, akanywa chai ya kikombe cha karatasi, akawasikiliza akina mama wengine wakitulizana. Njiani Hazel alimsimulia anachokiona: wana-kondoo, maua ya manjano kandokando, mwanamke amebeba ngazi juu ya baiskeli. Walipongoja chaja walikula sandwichi za yai. Nilimwona Clifford majira hayo akitembea upesi, mgongo umenyooka. Nilidhani macho yake yanapata nafuu.

Craig alitoka wiki ya mwisho ya Juni. Rafiki yake alimpatia kazi ya ghala mbali kule Hull, na msichana aliyekuwa akimngojea alikuwa huko pia. Agosti msichana akawa mjamzito. Hazel alikuja kwa Clifford jioni moja, akakaa kwenye kiti chake cha kawaida.

"Wananitaka niende. Kuna nyumba ndogo ya kupanga karibu nao."

"Nenda," Clifford akasema.

"Nifanyie hesabu basi. Gari gani linanifaa kule?"

Akamuuliza maswali yake yote. Gari litalala wapi? Uwanja wa pamoja, hauna chaja. Safari ndefu isiyoweza kuachwa? Kwa Craig, dakika kumi kwa miguu. Hospitali, basi moja. Soko, basi hilo hilo.

Nadhani alilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Hata hivyo alitandika karatasi mezani, akaandika yote: bima, kodi, uniti za bei ya barabarani, matairi mawili ya mbele yaliyokwisha. Chini akapiga mstari.

"Huhitaji gari," akamwambia. "Liuze. Miaka miwili mitatu utapata pasi ya basi ya bure ya wazee. Gari litakula akiba yako likiwa limesimama."

"Na kuja kukuona wewe je?"

"Treni."

"Treni tatu, Clifford."

"Mimi nimekupa hesabu. Sikuitunga mimi."

Hazel aliniambia kwamba hapo alimngojea aseme neno moja tu. Angesema baki na gari, angebaki nalo. Hakulisema. Alikunja karatasi mara nne akampa.

Hazel aliondoka mwezi wa tisa. Alikuja mara moja Novemba, treni zikachelewa, wakapata muda wa saa mbili tu. Mtoto alipozaliwa alimpigia Clifford simu kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Kwanza walizungumza kila Jumapili. Sasa ni pale tu mtoto anapolala.

Watu bado wanampigia Clifford, ingawa wamepungua. Vijana wanaiuliza simu yao na inawajibu papo hapo. Wanaokuja anawauliza safari ndefu kuliko zote ni ipi, kisha anarudia, taratibu zaidi, na kungojea.

Majira haya ya baridi nilikutana naye stesheni, Alhamisi, amevaa tai.

"Unakwenda wapi, Clifford?"

"Hexham."

"Una shughuli?"

"Hapana. Nakunywa chai, narudi."

"Kila Alhamisi?"

"Kila ya pili."

Treni ikaja, nikamshika kiwiko akapanda. Nilimwambia siku moja nitafuatana naye. Akasema karibu, chai atanunua yeye. Hilo lilikuwa kabla ya Krismasi, na sijakwenda bado.