Jaketi la Bei ya Mbuzi Wawili

Siku ya kwanza kumwona mume wangu kazini na lile jaketi, nusura nizirai. Nilikuwa nimempelekea chai kwenye steji yao ya bodaboda, pale barabara ya Turbo inapotokea mjini, nikamkuta juu ya pikipiki zipu ikiwa mgongoni. Jaketi nililonunua kwa bei ya mbuzi wawili alikuwa amelivaa nyuma mbele! Pedi za viwiko zilikuwa zimekaa upande wa ndani, pale mkono unapokunjwa. Viwiko vyenyewe havikuwa na chochote cha kuvikinga.

"Baba, hii ni nini sasa?"

"Ni baridi, mama. Upepo unapiga kifua, haupigi mgongo."

Wenzake walicheka. Wote walikuwa wamevaa vilevile, maana asubuhi ya Eldoret haina huruma na mtu wa pikipiki. Mimi sikucheka hata kidogo.

Mimi ni fundi wa nguo, na lile jaketi sikulichagua kwa macho tu. Kwenye duka la mzee mmoja Msomali niligeuza kila kitu ndani nje. La kwanza lilikuwa jipya, linang'aa, lina mistari ya kupendeza. Nilipobonyeza pedi ya kiwiko, ilikuwa sponji ya kuoshea vyombo, na bega zima lilishikwa na mshono mmoja. Nilimrudishia kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyelishona. La pili lilikuwa la mtumba, limepauka, lakini kitambaa chake kilikuwa kizito na mabega yameshonwa mara tatu. Nilikunja mkono wake na pedi ikabaki palepale kwenye kiwiko. Suruali iliyouzwa pamoja nalo ilikuwa na pedi za magoti na za nyonga.

"Hiyo ni nzito, mama," mzee akasema. "Hiyo uzito ndiyo unalipia."

Nililipa nikiumia. Kwa hiyo pale steji nilimwambia mume wangu mbele ya watu wake kwamba asipolivaa inavyotakiwa, nitalikata niligeuze mfuko wa viazi. Jioni hiyo nikashonea kipande cha blanketi ndani ya kifua cha jaketi ili kisingizio cha baridi kiishe. Tangu hapo alivaa vizuri, nami nikawa nalala usingizi.

Kisha mama yake akalazwa hospitali moja kule Plateau, tukaenda kumwona. Yeye alijifunga jaketi, suruali na helmeti. Mimi nilikaa nyuma na helmeti yangu, gauni la kitenge na sweta, chupa ya uji mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ndama akakatiza barabara, mume wangu akashika breki, gurudumu likateleza kwenye tope na sote wawili tukaburuzika ubavu kwenye changarawe.

Aliinuka. Aliinuka hivihivi, akajikung'uta! Kiwiko cha jaketi kilikuwa na mikwaruzo, goti la suruali pia, lakini alikunja mkono na kuunyosha kama mtu aliyeamka kitandani. "Imefanya kazi!" nikapiga kelele nikiwa bado chini, kwa furaha. Ndipo nikaona uso wake unabadilika akinitazama. Nilitazama mkono wangu. Sweta lilikuwa limeisha kiwikoni, na ngozi pia.

Kule hospitali muuguzi alianza kunitoa changarawe moja moja. Alimtazama mume wangu kuanzia shingoni hadi kwenye viatu.

"Kumbe wewe umejivalia hivi, na mama hukumnunulia?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Ni yeye alininunulia."

Muuguzi aliacha pamba hewani. "Mama, na wewe ulikuwa unapanga kukaa wapi?"

Miaka yote nimekaa nyuma ya mtu yule, tukienda kanisani, tukienda Soy kununua mahindi. Dukani nilijua upana wa mabega yake bila kupima. Niligeuza kila mshono, na haikunijia hata mara moja kwamba kiti kile hukaliwa na miili miwili. Hilo liliniuma kuliko changarawe zile.

Jaketi la pili, la kwangu, bado hatujamudu kulinunua. Tukitoka pamoja tunagawana: yeye huvaa suruali, mimi huvaa jaketi, mikono ya jaketi ikinifunika hadi vidole. Mwanzoni nilikataa, akasema basi nitembee kwa miguu. Yeye hukaa mbele na sweta lake kuukuu la vifungo, analivaa nyuma mbele. Mimi humkumbatia kifuani kuzuia upepo, na kila tukikaribia kona humwambia apunguze mwendo, kwa sababu sasa viwiko vilivyo wazi ni vyake.