Nilimwaga dawa za mdogo wangu mjamzito nikidhani namwokoa

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Hii nimeiandika na kuifuta mara nne. Jina la mdogo wangu nimelibadilisha, nitamwita Ndeshi. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na sehemu zinazoniaibisha mimi sijazipunguza.

Ndeshi ni mpishi wa safari. Mnaoijua Arusha mnaijua hiyo kazi: watalii wanalala kwenye mahema porini, yeye anaamka kabla ya wote kukaanga mayai. Mwaka juzi alikuwa anashusha mtungi wa gesi kwenye gari, mgongo ukakataa. Hospitali wakampa tramadol za kutuliza maumivu.

Mgongo ulipona baada ya miezi michache, ila vidonge aliendelea navyo. Alikuwa anazunguka na kile cheti cha daktari duka hili na lile, na wauzaji wengine hata cheti hawaulizi. (Hapo msinianzishie, nina hasira nao mpaka leo.)

Mimi nilikuwa sijui. Niko Engutoto, nina karakana ya kuchomelea mageti, yeye alipanga Kisongo. Tunaonana Jumapili mojamoja. Nikimwona anasinzia mezani nadhani ni uchovu wa kazi.

Sasa niwaeleze nafasi yangu. Baba alifariki nikiwa form four. Nyumbani kwetu Umeruni kaka mkubwa ndiye anashika nafasi ya baba, na mimi niliishika kwelikweli. Baba alikuwa hakatizwi akiongea, basi na mimi nikataka hivyohivyo. Nilikuwa naona ndiyo heshima. Mjinga mimi.

Mwaka jana Ndeshi akapata mimba. Mwenzake ni dereva wa watalii, posa ilishaletwa ila mahari bado, kwa hiyo alikuwa bado mtoto wa nyumbani, chini yangu.

Mimba ikiwa ya miezi saba, shoga yake mmoja akanipigia simu. "Kaka, mdogo wako anakula vidonge vya maumivu na tumbo lile. Mimi nimechoka kuficha."

Nilifunga karakana saa ileile.

Nilimkuta amekaa kitandani anakunja nguo za mtoto. Sikusalimia. Nikafungua droo, nikafungua mkoba, nikakuta bahasha tatu ndogo za dawa zimeandikwa kwa kalamu. Sikusoma kilichoandikwa.

Ndeshi akasimama. "Kaka, hizo nimepewa na..."

"Nyamaza! Mimi ni nani kwako?"

Wakuu, alinyamaza kweli. Akainamisha kichwa kama tulivyolelewa. Nikaenda chooni nikamwaga vyote, nikavuta maji. Niliporudi alikuwa analia bila sauti, nikajisemea afadhali, ametubu. Nikachukua na simu yake asije akaagiza vingine, nikampakia kwenye gari mpaka Kikwe kwa mama.

Mama nikamwambia habari yote na nikatoa amri: asitoke nje ya geti, na kliniki asiende mpaka akae sawa, maana manesi wa pale tunasali nao, habari ingefika usharikani kabla ya Jumapili. Mama akaitikia. Hata mama ananitii, mnaona tatizo lilipo?

Siku ya pili mama akanipigia. Ndeshi anatetemeka, anatoka jasho, anatapika, anaharisha. Na mama anasema kwa furaha kabisa, "Uchafu unatoka, mwanangu." Alikuwa anampikia loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, apate nguvu.

Mimi nikamshukuru Mungu, nikaendelea kuchomelea. Siku hiyo nilifanya kazi huku napiga mluzi.

Siku ya nne asubuhi mama akapiga tena. "Anasema mtoto hachezi tangu jana."

Nikamjibu hivi, na haya ni maneno yangu yenyewe: "Huyo anatafuta njia ya kutoka. Mpe chai ya moto alale."

Mchana akapiga analia. Ndipo nikaenda.

Hospitali nesi alimpima, akahamisha kile kifaa tumboni huku na huku, akaenda kumwita daktari. Daktari naye akahamisha huku na huku. Ndeshi alijifungua kesho yake. Mtoto wa kike, amekamilika vidole vyote, hana pumzi.

Daktari akaniita mimi kama mkuu wa familia. Alikuwa ameshika kadi ya kliniki ya Ndeshi. Akauliza ni nani alimwachisha dawa ghafla.

Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni mimi.

Akanionyesha kadi. Ndeshi alikuwa amejipeleka mwenyewe kliniki wiki tatu kabla sijavamia chumba chake. Alieleza kila kitu. Walikuwa wanampunguzia kidogokidogo, kila wiki dozi ndogo kuliko iliyopita, na wanampimia wao wenyewe. Mjamzito aliyezoea dawa zile akikatishwa ghafla mwili wake unashtuka, na wa mtoto pia. Shoga yake hakuyajua hayo, aliona vidonge tu akaogopa. Zile bahasha tatu zilikuwa matibabu.

Nikamuuliza kama mimi ndiye niliyemuua mtoto. Akasema hawezi kusema ni hilo peke yake, ila angeletwa siku ile ya kwanza alipoanza kutetemeka wangekuwa na la kufanya. Jibu hilo ninalala nalo na kuamka nalo.

Tulimzika Kikwe, pembeni ya migomba, watu wachache. Mama mdogo akasema kwa sauti, "Vidonge vyake vimemmaliza mtoto." Mama akatikisa kichwa kukubali. Wote wakamgeukia Ndeshi.

Ndeshi akaniangalia mimi. Alijua kwamba najua. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikashika chepe nikaendelea kufukia.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Akanijibu bila hasira, "Nani angeniamini, kaka? Mimi si ndiye mla vidonge?"

Dawa ameshaacha kabisa, alirudi mwenyewe kliniki akamalizia utaratibu wake. Ila wiki iliyopita upande wa mwanaume wametuma ujumbe: hawawezi kumtolea mahari mwanamke aliyemuua mtoto wao. Jumamosi wazee wao wanakuja kwa mama kusikia tunasemaje, na msemaji wa nyumba ni mimi.

Mnaotaka funzo, ni hili. Ukimkuta mjamzito wako na dawa za namna hiyo, usimwage kitu. Kaa chini, muulize, mwache aseme mpaka mwisho. Kisha mpeleke kliniki hata kama nesi mnaimba naye kwaya. Kuacha kuna utaratibu wake na wanaoujua ni wao, si sisi wachomelea mageti.

Matusi yenu nitayasoma yote, nimeyastahili. Ninachoomba ni ushauri: nianze kumwambia mama peke yake kabla ya Jumamosi, au niseme mbele ya wote siku hiyohiyo? Ila asitokee wa kuniambia ninyamaze. Hilo nimelifanya miezi mitano, na anayelipa ni Ndeshi.